Mamba, viboko, mazalia na vizimba: kijiji cha ufukweni kimwite mtaalamu yupi?

Vijiji vya kando ya ziwa, kuanzia Magu na Ilemela hadi Sengerema, Buchosa na Ukerewe, hukutana na maamuzi yaleyale mwaka hadi mwaka. Mamba amekamata mtu mwaloni na wananchi wanataka auawe leo. Viboko wamekula shamba la mpunga. BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi mwaloni, inataka ghuba moja ifungwe ili sato wazaliane. Mwekezaji ameleta barua ya kuomba eneo la vizimba vya kufugia samaki. Katika kila kikao cha namna hii kuna mtu atasema, "Tumwite mtaalamu," na wajumbe watakubali. Lakini muhtasari hauandiki mtaalamu yupi, aje kufanya nini, wala jibu lake litatumikaje.

Wataalamu wa viumbe wanaofikika ukiwa Mwanza ni wa aina nne: afisa wa halmashauri (wa wanyamapori au wa uvuvi), mtafiti wa taasisi ya serikali, mtu wa chuo, na mshauri elekezi wa kulipwa. Inawezekana wote wanne walisoma biolojia ileile, lakini kazi wanayoweza kukufanyia haifanani, na kumpa mmoja kazi ya mwenzake ndiko kunakoharibu maamuzi mengi. Msimamo wetu tunausema mapema: mtaalamu anayeishi kandokando ya ziwa hili, mwenye kumbukumbu za miaka mingi, aingie kabla azimio halijaandikwa. Akiitwa baada ya hapo, kinachotafutwa kwake ni muhuri tu.

Unatafuta jibu, kibali au saini?

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, wako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Maana yake ni kwamba kijiji hakiwezi kupiga kura ya kumuua mamba kikaenda kumuua. Mtu akijitetea maisha yake hiyo ni habari nyingine. Kwa samaki, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inawapa wananchi nafasi pana zaidi kupitia BMU, lakini hata hapo kijiji hupendekeza sheria ndogo na halmashauri ya wilaya ndiyo huipitisha.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua, wajumbe waulizane: tunataka *jibu* (mamba ni wangapi, sato wanazalia wapi, ni kiboko gani anayetoka), tunataka *kibali* (mnyama afukuzwe, ahamishwe au auawe), au tunataka *saini* ya mtaalamu inayodaiwa na sheria ili mradi uendelee? Afisa wa halmashauri ni njia ya kibali. Mtafiti ni wa jibu. Mshauri elekezi ni wa saini. Mtu wa chuo husaidia kwenye jibu, kama kuna muda.

Jambo lingine la kukubaliana mapema: mwanabiolojia hana kazi ya kuwachagulia mnachotaka. Kazi yake ni kusema mkifanya hivi kitatokea nini, kwa uhakika kiasi gani, na gharama yake itaangukia nani. Kama watu wa kijiji wanataka pwani isiyo na mamba kabisa, hayo ni matakwa yao na wana haki ya kuyasema. Mtaalamu atawaambia kama yanawezekana. Akianza kuwaambia mnapaswa kutaka nini, mrudisheni kwenye takwimu zake.

| Mtaalamu | Nguvu yake | Upungufu wake | Mwite kwa |
|---|---|---|---|
| Afisa wa halmashauri | Mamlaka, ukaribu, anajulikana | Muda, mafuta, takwimu chache | Dharura, kibali, madai ya kifuta jasho (malipo kwa madhara ya wanyama) |
| Mtafiti (TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi; TAWIRI, ya utafiti wa wanyamapori) | Kumbukumbu za miaka, mbinu za kuhesabu | Ratiba na bajeti, majibu huchelewa | Swali la "wangapi" na "kwa nini" |
| Chuo | Nguvukazi ya gharama ndogo | Huondoka muhula ukiisha | Kuhesabu na kuchora ramani |
| Mshauri elekezi | Haraka, ripoti kamili | Anamtumikia anayemlipa | Tathmini inayodaiwa na sheria |

Afisa wa halmashauri

Huyu ndiye wa kwanza kupigiwa simu, na ndivyo ipasavyo. Mamba akishambulia, mtendaji wa kijiji humjulisha afisa wanyamapori wa wilaya, naye huwasiliana na TAWA, mamlaka iliyoanza kazi mwaka 2016 na ndiyo yenye askari na silaha za kushughulikia wanyama wakali na waharibifu nje ya hifadhi za taifa. Simu kwanza, barua ifuate siku hiyohiyo kupitia kwa mtendaji wa kata kwenda kwa mkurugenzi. Vijiji vinavyosubiri barua ifike kabla ya kupiga simu hupoteza siku mbili tatu, na ndani ya siku hizo watu hujichukulia hatua wenyewe kwa ndoano na mikuki.

Kazi yake nyingine isiyosubiri ni madai. Kanuni za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi zinahitaji uthibitisho wa afisa kwamba madhara yametokana na mnyama aliyeorodheshwa. Kiboko na mamba wamo. Tumbili hayumo, hata akimaliza shamba zima la mahindi. Piga picha za nyayo na mimea iliyovunjwa kabla watu hawajakanyaga, pimeni eneo, na kwa majeruhi chukueni ripoti ya daktari. Afisa akija siku ya tano, mvua imeshafuta kila kitu na yeye hawezi kuandika asichokiona.

Kinachomshinda ni kutoa jibu la kibiolojia peke yake. Wilaya nzima inaweza kumtegemea yeye na wasaidizi wachache, na gari lina kazi nyingine kumi. Afisa uvuvi ana tatizo la ziada ambalo si kosa lake. Mtu huyohuyo anakagua leseni, anakamata zana haramu kama makokoro na timba, na anasimamia makusanyo. Mvuvi akimwona anashuka mwaloni, nyavu za macho madogo zinaingia ndani na sangara wa chini ya sentimeta 50 wanafichwa. Takwimu zinazokusanywa na mtu anayeogopwa huwa nzuri kuliko hali halisi. Kijiji kikitaka kujua samaki wadogo wanaovuliwa ni wengi kiasi gani, hesabu hiyo ikusanywe na mtu asiye na mamlaka ya kukamata.

Mtafiti wa TAFIRI au TAWIRI

TAFIRI iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na kituo chake cha Mwanza kiko Nyegezi. Kwa maswali ya samaki na maji, hapo ndipo penye hazina kubwa kuliko sehemu yoyote ya upande wetu wa ziwa. Sensa za wavuvi, vyombo na zana zimekuwa zikifanyika kwenye ziwa zima kwa pamoja na Kenya na Uganda tangu mwaka 2000, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Kuna upimaji wa samaki kwa mawimbi ya sauti ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na kuna kumbukumbu za samaki wanaoshushwa mialoni.

Thamani ya kumbukumbu za namna hii Ghuba ya Mwanza inaijua vizuri. Kuanzia 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, wakifanya kazi na Watanzania, walikuwa wakivua na kuhesabu furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, katika vituo vilevile vya ghuba hiyo. Sangara alipoongezeka kwa kasi miaka ya 1980, furu wakatoweka mbele ya macho yao, spishi baada ya spishi. Ziwa zima lilikuwa na spishi za furu zinazokadiriwa kuwa 500 na zaidi, na pengine 200 kati ya hizo zimepotea. Tunajua kwamba walipotea, na lini, kwa sababu kuna watu walikuwa wameshahesabu kabla. Bila daftari la 1977, leo tungekuwa tunabishana kama hao furu waliwahi kuwapo.

Ndani ya habari hiyohiyo kuna funzo la maamuzi. Sangara alipandikizwa ziwani upande wa Uganda katikati ya miaka ya 1950, na tena mapema miaka ya 1960, wakati suala hilo lilikuwa bado lina mabishano makali kati ya wataalamu wa uvuvi wa Afrika Mashariki. Waliopinga walisema hakuna anayejua mla nyama mkubwa kiasi hicho atafanya nini kwa samaki wa humu. Waliounga mkono walitaka samaki wa biashara, na samaki wa biashara wakapatikana: viwanda vya minofu vya Mwanza visingekuwepo bila sangara. Ni halali watu kupima faida hiyo na hasara ya furu wakachagua. Kisicho halali ni kufanya jambo lisilorudishika huku aliyesema "tupime kwanza" akiwa bado anaongea. Ukiletewa pendekezo la kuingiza kiumbe chochote kipya ziwani au kisiwani, hata samaki wa kufugwa, mtafiti asikosekane mezani.

Upungufu wa mtafiti uko sehemu tatu. Kwanza, takwimu zake nyingi ni za ziwa zima au za upande wa Tanzania, wakati swali lako ni la ghuba yenye upana wa kilomita mbili. Usikubali wastani wa ziwa uletwe kama jibu la mwalo wako. Uliza kituo cha kupimia kilicho karibu nawe ni kipi na kilipimwa lini. Pili, bajeti: anaweza kuwa tayari kuja lakini fedha za boti na posho zikawa za mwaka ujao wa fedha, unaoanza Julai. Barua iliyofika Januari ina nafasi ya kuingia kwenye mpango. Ya Juni haina. Tatu, kutoa takwimu kunahitaji idhini ya wakubwa wake, kwa hiyo omba kwa maandishi, taja jedwali au eneo unalolitaka, na usimlaumu mtu wa chini kwa kuchelewa.

Kwa wanyama wa nchi kavu na mamba, taasisi ni TAWIRI, yenye makao makuu Arusha. Nguvu yake kubwa imekuwa kwenye sensa za ndege na tafiti za mbugani, hasa Serengeti. Kwa ziwa, ndege haitoshi. Mamba aliyelala kwenye mafunjo haonekani kutoka juu, na kiboko aliyezama hahesabiki. Ukiwaandikia, sema wazi unataka hesabu ya boti.

Chuo, kwa ufupi

Mwanza ina FETA Nyegezi kwa uvuvi na Chuo cha Pasiansi kwa wanyamapori, mbali na vyuo vikuu. Pasiansi, iliyoanza miaka ya 1960, inawaandaa zaidi askari na wasimamizi wa wanyamapori. Usitarajie utafiti mrefu kutoka hapo, ila wanafunzi wake wanajua kusoma nyayo na kukaa kimya kwenye boti. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanafaa sana kwa kazi ya kuhesabu nyavu, kupima urefu wa samaki mwaloni au kuchora ramani ya sehemu za kuchotea maji. Sharti ni moja: msimamizi wao atie saini kwamba nakala ya takwimu ghafi itabaki kijijini. Bila hiyo, kazi inaondoka kwenye begi la mwanafunzi.

Mshauri elekezi

Mradi wa vizimba vya samaki unapitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na anayeiandaa lazima awe mtaalamu aliyesajiliwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Anayemlipa ni mwekezaji. Hilo si kosa, ndivyo utaratibu ulivyo, lakini kijiji kisimhesabu kuwa mtaalamu wake. Kinachotakiwa kijiji kifanye ni kuisoma ripoti, na sehemu ya kuanzia ni ukurasa wa vipimo vya maji.

Angalia saa. Oksijeni iliyoyeyuka ikipimwa juu ya maji saa saba mchana inapendeza, kwa sababu mwani unaitengeneza jua likiwaka. Usiku mwani huohuo unaitumia. Kipimo cha maana ni cha kabla ya jua kuchomoza, kila mita moja kutoka juu hadi chini. Sato hukua vizuri oksijeni ikiwa miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 3 huacha kula ipasavyo, na ikishuka zaidi huanza kuelea akivuta hewa juu.

Angalia mwezi. Ziwa Victoria hujitenga kwa tabaka sehemu kubwa ya mwaka, maji ya chini yakikosa oksijeni, halafu huchanganyika vizuri zaidi kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi unapovuma. Maji mabaya ya chini yakisukumwa juu kwa upepo au dhoruba, samaki walio huru hukimbia. Walio kizimbani hawana pa kwenda. Ripoti iliyopima siku mbili za mwezi mmoja haiwezi kusema lolote kuhusu hatari hiyo, hata iwe na kurasa mia mbili.

Halafu angalia ramani. Je, vizimba vimewekwa juu ya mazalia? Dume la sato huchimba shimo kwenye mchanga wa maji mafupi, jike hutaga hapo kisha hubeba mayai mdomoni. Kivuli, chakula kinachomwagika na kinyesi vinaharibu mchanga huo. TAFIRI imekuwa ikifanya kazi ya kubainisha maeneo yanayofaa kwa vizimba, kwa hiyo kijiji kina haki ya kuuliza kama eneo lililoombwa limo. Mtafiti wa Nyegezi akisoma ripoti ya mshauri kwa niaba ya kijiji kwa nusu siku, faida yake ni kubwa kuliko kuajiri mshauri wa pili.

Tuchukue mamba, tuone nani anafanya nini

Hapa ndipo tofauti zao zinaonekana vizuri. Mtu amekamatwa mwaloni asubuhi. Shinikizo ni kuua mamba yeyote atakayeonekana kabla ya jioni.

Mtaalamu mzuri ataanza kwa kuuliza saa, kina cha maji, mtu alikuwa anafanya nini, na mamba alikuwa na ukubwa gani. Mamba anayeweza kumchukua mtu mzima kwa kawaida amevuka mita tatu. Waliopo chini ya mita mbili, ambao ndio huonekana kwa wingi wakiota jua, karibu hawahusiki. Ndiyo maana kumpiga risasi wa kwanza kuonekana mara nyingi ni kumuua asiye na hatia na kumwacha mhusika akiwa mwangalifu zaidi. Ukubwa hukadiriwa kutokana na kichwa: urefu wote wa mamba ni karibu mara saba ya urefu wa kichwa chake, kutoka ncha ya pua hadi kisogoni. Kichwa cha sentimeta 50 ni mamba wa mita tatu na nusu.

Hesabu hufanyika usiku, kwa boti na tochi kali. Macho ya mamba hurudisha mwanga mwekundu wa rangi ya kaa la moto. Chagueni usiku usio na mbalamwezi na maji yaliyotulia, boti iende mwendo mmoja mita chache kutoka kwenye matete, mmoja amulike, mmoja aandike, na mwendesha boti asiongee. Rudieni njia ileile walau usiku tatu. Mawimbi yakiwepo, ahirisheni, kwa sababu macho hufichwa na hesabu inashuka bila mamba kupungua. Mafuta: injini ya HP 15 ikienda kasi kamili hula lita tano hadi saba kwa saa, na kwa mwendo wa kuhesabu hula pungufu ya hapo. Bajeti iwe ya saa nne kila usiku pamoja na akiba ya kurudi dhidi ya upepo.

Namba itakayopatikana si idadi ya mamba wote, kwa kuwa wengine wamezama. Ni kipimo cha kulinganisha: njia hiyohiyo mwezi huu na mwezi ujao. Hapa kijana wa kijiji aliyefundishwa na mtafiti anaweza kuendelea bila mtafiti, na ndipo mtaalamu mwenyeji anapompita mgeni kwa mbali. Mgeni ana usiku tatu. Mwenyeji ana miaka.

Namba hizi zina uzito hata mbali na kijiji. Chini ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, mamba wa Tanzania wapo Kiambatisho cha II (biashara inaruhusiwa kwa udhibiti) kwa sharti la kutosafirisha nje zaidi ya mamba 1,600 wa porini kwa mwaka, wakiwemo wa uwindaji. Kiwango cha namna hiyo hakiwezi kutetewa bila watu wanaohesabu mitoni na ziwani.

Kisha yanakuja machaguo. Kuua mhusika: afisa wanyamapori na TAWA ndio wenye kibali na bunduki. Mtafiti au mtu aliyehesabu awaonyeshe eneo na ukubwa. Mamba aliyejeruhiwa huzama na hapatikani, kwa hiyo askari asilazimishwe na umati kupiga akiwa mbali. Kuhamisha: kunasikika vizuri, ila mamba hujua kwao. Nchini Australia mamba wa maji chumvi waliofungwa vifaa vya setilaiti walirudi walikotolewa, mmoja akisafiri zaidi ya kilomita 400. Kumhamishia kisiwa cha jirani ni kumpa jirani tatizo lako kwa wiki chache.

Chaguo tunaloliona bora kwa mialo mingi ni kizimba cha kuchotea maji na kuogea: nguzo imara zilizozikwa kwa kina, wavu wa chuma mzito, wavu ukizikwa pia chini ya mchanga ili mamba asipenye kwa kuchimba, na mlango upande wa nchi kavu. Kinachoviharibu vizimba hivi ni kina cha ziwa. Mei 2020 maji yalipanda hadi kuvunja rekodi ya 1964, na ufukwe uliokuwa mkavu miaka michache kabla ukawa chini ya maji. Kizimba kilichopangwa kwa kuangalia maji ya siku ya ujenzi kitazamishwa au kitabaki juu ya mchanga mkavu. Aliye na kumbukumbu za kina ataweka nguzo ndefu zaidi na kuacha nafasi ya kusogeza wavu. Hapo ndipo akina mama na watoto wanaochota maji kila siku wanapaswa kuulizwa, maana wao ndio wanajua wanaingia maji hadi wapi. Kizimba kisichowatosha hawatakitumia.

Kwa kiboko hatua ni fupi. Kiboko hula kama kilo 40 za majani kwa usiku na hupita njia zilezile. Hawezi kuruka. Wigo mfupi wa magogo mazito au mtaro unaokata njia yake kabla haijafika shambani humzuia vizuri kuliko kelele, ambazo huzizoea. Mtu wa kufuatilia njia hizo alfajiri ni afisa wanyamapori pamoja na mwenye shamba. Mtafiti si lazima, isipokuwa kundi lenyewe ni jipya eneo hilo.

Kufunga ghuba: mtafiti kwanza, afisa baadaye

BMU nyingi hufanya kinyume. Humwomba afisa uvuvi aandike sheria ndogo, ndipo watafute sababu. Swali la kwanza la kibiolojia ni samaki gani. Kufunga ghuba ndogo yenye mchanga kunamsaidia sato, kwa sababu amefungamana na shimo lake. Kunamsaidia kidogo sangara, kama wachanga wake wanakulia humo. Dagaa hakumhusu sana, kwani ni wa maji ya wazi. Mtafiti akithibitisha mazalia, aonyeshe mipaka kwa alama ambazo mvuvi anaweza kuziona akiwa kwenye mtumbwi: jiwe fulani, mti fulani, boya. Mstari uliochorwa kwa namba za GPS peke yake unamkamatisha mvuvi asiye na simu ya maana.

Pimeni kabla ya kufunga. Sato mia moja wapimwe urefu mwaloni kila mwezi kwa miezi mitatu, kwa ubao wenye rula, na msimwamini anayekadiria kwa jicho. Bila kipimo hicho, baada ya mwaka watakaosema kumesaidia na watakaosema hakujasaidia wote watakuwa na haki sawa.

Mwenyeji au wa kutoka mbali?

Mtaalamu mwenyeji anaongea Kisukuma, Kikerewe au Kijita na wazee, anajua upepo wa Agosti, na atakuwepo mwakani kuulizwa namba zake zilitoka wapi. Lakini ana shemeji mwenye kokoro. Ana diwani anayemjua kwa jina. Mtu wa mbali hana hayo, na pia hana kumbukumbu. Tunachagua mwenyeji, kwa masharti mawili: takwimu zake zikae ofisi ya mtendaji mahali mtu yeyote anaweza kuziona, na hesabu muhimu ifanywe na watu wawili wasiotoka familia moja. Kwa uamuzi mkubwa usiorudishika, mtu wa nje asome kazi ya mwenyeji. Asianze upya.

Wazee wa uvuvi nao wahesabiwe kama chanzo cha taarifa. Waulizwe mmoja mmoja kabla ya mkutano, kwa sababu mkutanoni wa pili hurudia alichosema wa kwanza.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja unatosha: tukio au swali, tarehe na saa, mahali kwa jina linalojulikana, uamuzi ambao kijiji kinatakiwa kuufanya na siku ya mkutano utakaouamua, kitu kimoja mnachotaka kipimwe, na mnachoweza kuchangia (boti, mafuta, watu wawili wa kusaidia, mahali pa kulala). Ukiandika "tunaomba ushauri wa kitaalamu" bila kutaja swali, utapata semina.

Mtaalamu akileta jibu, alisome mwenyewe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa Kiswahili cha kawaida, aseme pia kiwango cha uhakika wake, kisha nakala ibandikwe ubao wa matangazo na nyingine iingie kwenye faili la muhtasari. Mkutano ukiamua tofauti na ushauri wake, muhtasari uandike sababu. Na palepale, kabla watu hawajatawanyika, wekeni tarehe ya kuhesabu tena na jina la atakayeshika tochi.